UZI: Kutembelea CERN ukitokea Tanga. Nini utakiona, nini hutakiona, na ujiandae vipi

Mwl_Chumbageni

Wakuu, salaam. Maswali ya namna ya kuwapeleka wanafunzi CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, yanajirudia humu na majibu yametawanyika kwenye nyuzi nyingi. Naweka hapa yote kwa pamoja. Wenye kujua zaidi waongeze, na penye kosa wanisahihishe.

Nianze na lile ambalo wengi hawaambiwi mapema: ile pete kubwa ya kilomita 27, LHC, inayozungusha na kugonganisha protoni, huioni. Ipo chini ya ardhi, wastani wa mita 100, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mashine ikiwa inafanya kazi hashuki mtu, awe mgeni au mhandisi, kwa sababu ya mionzi. Mapango ya vigunduzi (mitambo inayorekodi migongano hiyo) hufunguliwa kwa wageni mara chache, wakati wa matengenezo marefu tu. Anayesafiri akitegemea kusimama ndani ya handaki atavunjika moyo bure, wakati vilivyo juu ya ardhi vinamtosha mwanafunzi wa kidato cha sita siku nzima, mradi afike akijua anachokitazama.

Kwa ukubwa: kipenyo cha pete hiyo ni kama kilomita 8.5. Toka Tanga mjini mpaka upite kidogo mapango ya Amboni, hapo umevuka upande wa pili.

Sasa safari ya protoni, maana bila hii kila jengo litakuwa bomba na nyaya tu. Inaanzia kwenye chupa ya gesi ya hidrojeni. Hidrojeni inaongezewa elektroni moja ili iwe na chaji hasi, inapita mashine iliyonyooka iitwayo Linac4 yenye urefu wa mita 86, inatoka na nishati ya MeV 160 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe, na GeV 1 ni MeV 1,000). Inapoingia mashine ya pili, Booster, inapitishwa kwenye utando mwembamba wa kaboni unaozivua elektroni zote mbili, inabaki protoni tupu. Booster ni pete nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, inafikisha GeV 2. Inafuata PS, pete ya mita 628 inayofanya kazi tangu 1959, inafikisha GeV 26. Halafu SPS, karibu kilomita 7, ya mwaka 1976, inafikisha GeV 450. Ndipo protoni zinaingia LHC zikiwa miali miwili, yaani mikondo miwili ya protoni inayozunguka kwa kuelekeana, na tangu 2022 kila upande unafika GeV 6,800.

Kwa nini hatua zote hizo? Kwa sababu sumaku ya pete moja haiwezi kufuata protoni kuanzia nishati ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa. Umeme ukiwa mdogo mno uga wa sumaku unakuwa na kasoro nyingi na protoni zinapotea ukutani. LHC yenyewe inaanza na ampea kama 760 kwenye sumaku zake na kumaliza na karibu ampea 11,500, yaani mara 15. Hapo imeshavutwa vya kutosha.

Na kosa ninalolikuta kwa wanafunzi karibu wote: wanadhani sumaku ndizo zinazoongeza kasi. Sumaku zinapinda njia tu. Nishati inatoka kwenye vyumba vya mawimbi ya redio vya megahezi 400, na LHC nzima ina vinane tu kwa kila mwali, basi. Wape wafanye hesabu wenyewe: kutoka GeV 450 hadi 6,800 kwa kama dakika 20, na protoni inazunguka mara 11,245 kwa sekunde. Inatoka kama MeV 0.47 kwa mzunguko mmoja. Ni kidogo, lakini mizunguko ni zaidi ya milioni 13.

---

Binti_Pangani

Shikamoo Mwalimu. Umetuambia pete hatuioni, haya, tunachokiona ni kipi hasa? Na gharama za kuingia zikoje?

---

Mwl_Chumbageni

Marahaba binti yangu. Kuingia ni bure, kuongozwa pia ni bure. Gharama yako ni nauli, visa, bima, malazi na chakula.

Unafikia Science Gateway, jengo la wageni lililofunguliwa Oktoba 2023, kazi ya msanifu Renzo Piano. Tramu namba 18 inatoka stesheni kuu ya Geneva, Cornavin, na kituo chake cha mwisho ni hapohapo mlangoni. Jumatatu wanafunga, na hapa watu wengi wanapoteza siku. Mgeni mmojammoja anajiandikisha mapokezini siku ileile kwa ziara ya kuongozwa na nafasi zinawahi kujaa, kwa hiyo fika asubuhi. Kundi la watu 12 au zaidi liombe mapema kupitia tovuti yao, miezi kadhaa kabla. Ziara nyingi ni kwa Kiingereza au Kifaransa.

Mahali unakopelekwa panategemea siku na ratiba ya mashine. Omba Synchrocyclotron ukiweza. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya CERN, ya 1957, MeV 600, ilizimwa 1990 na sasa ni maonyesho. Unasimama karibu kabisa na sumaku yenye uzito wa tani 2,500. Vituo vingine ni karakana ya SM18 wanakopimia sumaku, kituo cha wageni cha ATLAS (kimoja cha vigunduzi vya LHC), na jengo la antimata ambako antiprotoni, pacha wa protoni wenye chaji hasi, zinapunguzwa kasi badala ya kuongezwa.

Ukifika SM18, au popote penye kipande cha sumaku ya LHC kilichokatwa kuonyesha ndani, usipite haraka. Nje ni bomba la buluu, upana wake karibu mita moja kasoro. Ndani yake kuna ombwe la kuzuia joto, kisha chuma kizito, kisha vibano vya chuma cha pua kisichoshika sumaku, na katikati kabisa matundu mawili madogo ya milimita 56. Hayo tu! Tani 35 za sumaku, mita 15 urefu, kwa ajili ya matundu mawili unayoweza kuyaziba kwa kiganja. Angalia pembeni ya tundu utaona nyaya za shaba zimepangwa kama matofali: ndani ya shaba hiyo mna nyuzi za niobi-titani nyembamba kuliko unywele. Muulize mwongozaji kwa nini vibano visiwe chuma cha kawaida. Jibu lake litamfundisha mwanafunzi zaidi ya ukurasa mzima wa kitabu.

---

FundiBaridi

Nimependa uzi. Niongeze upande wa ubaridi maana ndiko kwenye matatizo halisi.

Sumaku 1,232 za kupinda zinakaa kwenye heli ya nyuzi 271.3 chini ya sifuri, yaani kelvini 1.9. Niobi-titani inapoteza ukinzani hata kwenye kelvini 9 hivi, basi kwa nini washuke chini hivyo? Sababu mbili. Ya kwanza, kadiri uga wa sumaku unavyopanda ndivyo waya unavyohitaji ubaridi zaidi ili ubaki bila ukinzani, na hapa uga ni tesla 8 na ushee. Ya pili, chini ya kelvini 2.17 heli inageuka kimiminika kisicho na mnato, kinapenya kila upenyo na kusafirisha joto vizuri kupita metali yoyote. Heli yote ni kama tani 120. Kabla yake wanapooza kwa naitrojeni kimiminika, tani 10,000 hivi, na kazi nzima inachukua wiki kadhaa.

Linaloharibika ni hili: kipande kidogo cha waya kikisogea hata kwa mikromita chache, msuguano unatoa joto, ukinzani unarudi mahali hapo, na ampea elfu 11 zinapita kwenye ukinzani. Ndani ya sekunde moja waya ungeyeyuka. Kwa hiyo mfumo unapima volti kila wakati, ukiona dalili unawasha vipasha joto vilivyobandikwa kwenye koili ili sumaku yote ipashwe kwa pamoja na nishati isikusanyike sehemu moja, kisha umeme unaelekezwa kwenye vikinzani vikubwa nje.

Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya mwali wa kwanza, kasoro ilikuwa kwenye kiungo kati ya sumaku mbili, si ndani ya koili. Kiungo kilikuwa na ukinzani mdogo usiotakiwa, kikaachia, cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heli. Tani kadhaa za heli zikatoka kwa kishindo na kuzisukuma sumaku kutoka kwenye misingi yake. Sumaku 53 zilitolewa kutengenezwa au kubadilishwa, na mwali ukarudi Novemba 2009. Wakati wa matengenezo makubwa yaliyoanza 2013 viungo zaidi ya 10,000 viliimarishwa. Nalisema hili kwa sababu mafundi umeme wetu wanaijua adha ya kiungo kibovu kuliko waya mbovu. Fizikia ni ileile.

---

Ngamiani_Barabara12

Umeme wao wanapata wapi? Hapa kwetu hata welding ya mtaa inayumbisha taa.

---

FundiBaridi

Mkuu, wanachukua hasa gridi ya Ufaransa. Mashine zote zikiwaka wanafika karibu megawati 200. Uone ukubwa wake: Hale ni megawati 21, New Pangani Falls 68, Nyumba ya Mungu 8. Mto Pangani wote haufikii nusu ya hapo. Ndiyo maana desturi yao ni kuzima majira ya baridi, ambapo Ulaya umeme unahitajika majumbani na ni ghali, na muda huo ndio wa matengenezo. Anayetaka kuona mashine ndogo zikiwa wazi aulizie ziara kipindi hicho.

Na umeme unawasumbua wao pia. Aprili 2016 mnyama wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya kilovolti 66, akasababisha shoti na mashine ikasimama karibu wiki.

---

Kaole_Fizikia

Bagamoyo hapa. Kwa sisi wa pwani kuna jambo moja tamu sana la kuwaambia watoto. Kabla ya LHC handaki hilohilo lilikuwa na mashine ya LEP, 1989 hadi 2000. Walikuta nishati ya mwali inapanda na kushuka kwa saa bila mtu kugusa kitu. Kumbe ni mwezi. Mvuto unaotuletea bamvua unainua na ardhi ngumu pia, mzunguko wa pete ukawa unabadilika kwa kama milimita 1 katika kilomita 27, na mashine inaisikia. Wakati wa maji mafu mabadiliko yanakuwa madogo. Mpaka leo waendeshaji wa LHC wanasahihisha jambo hilo. Mwanafunzi anayeijua kalenda ya bamvua anaweza kumuuliza mwongozaji swali ambalo wageni wengi hawalifikirii.

Pili, nashauri kundi lolote litengeneze chumba cha ukungu, kisanduku kinachoonyesha njia za chembe, kabla ya kusafiri, au hata kama halisafiri. Muoni (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi) kutoka angani zinapita kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Sanduku la sentimita 20 kwa 30 linapitiwa na kama kumi kwa sekunde.

Unahitaji sanduku la kioo au plastiki angavu, kitambaa kinene cha sufi unachokibana juu ndani, bamba la alumini lililopakwa rangi nyeusi chini, na alkoholi ya isopropanoli ya asilimia 99. Loanisha kitambaa mpaka kishibe bila kuchuruzika, ziba kingo zote, poza bamba, subiri dakika 10 hadi 15. Washa tochi ya LED kutoka ubavuni, usawa wa chini, chumba kikiwa giza. Ukungu unaofanya kazi ni tabaka la sentimita moja tu juu ya bamba. Mstari mrefu mwembamba ulionyooka ni muoni, mfupi mnene ni chembe ya alfa kutoka radoni, gesi yenye mionzi iliyo hewani, unaojikunjakunja ni elektroni.

Yanayoharibu: wengi wananunua spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa. Ile asilimia 30 ni maji, yanaganda kwenye bamba na huoni kitu. Wengine hawazibi kingo, hewa ya unyevunyevu ya kwetu inaingia na kuleta ukungu wa kawaida usio na mistari. Wengine wanamulika kutoka juu, mwanga unagonga bamba na kuwarudia machoni.

Tatizo kubwa Tanga na Bagamoyo ni barafu kavu, haipatikani kirahisi. Barafu ya samaki pekee haitoshi kwa sababu bamba lazima lifike nyuzi 25 chini ya sifuri au zaidi. Dawa yake ni vipande viwili vya Peltier (vibamba vinavyopoa upande mmoja vikipitishiwa umeme), aina ya TEC1-12706, kimoja juu ya kingine na grisi ya joto katikati. Cha chini kipe volti 12, cha juu volti 5, na pawasapulai ya kompyuta ya mezani inatoa zote mbili. Upande wa moto ndio unaoamua. Ukitumia feni peke yake kwenye joto la nyuzi 32 la Februari, bamba halifiki kunakotakiwa. Hapo sasa ndipo barafu ya samaki ya Deep Sea, pale Tanga, inapofaa: iweke kwenye ndoo ya maji, sukuma maji hayo kwa pampu ndogo ya tangi la samaki yapite kwenye bloku ya kupooza chini ya Peltier. Eneo linalopoa litakuwa dogo, sentimita 4 kwa 4, lakini mistari utaiona. Fungua madirisha na moto uwe mbali, mvuke wa isopropanoli unashika haraka.

---

Binti_Pangani

Ahsante sana kaka. Nauliza upande wa visa, maana Geneva ni Uswisi na kuna vituo viko Ufaransa. Tunaomba mbili?

---

Mwl_Chumbageni

Moja tu, ya Schengen (visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), inafaa pande zote mbili. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Hapa pana mtego: makundi mengi hulala upande wa Ufaransa, Saint-Genis-Pouilly na jirani zake, kwa sababu malazi ni nafuu. Ukilala Ufaransa siku zote, maombi ni ya Ufaransa hata kama ndege inatua Geneva. Barua ya mwaliko, hoteli na fomu visipolingana maombi yanakwama.

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla mpaka siku 15 kabla, lakini msingoje siku hizo za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Wanafunzi walio kwenye ziara ya masomo na walimu wanaowasindikiza wanasamehewa ada hiyo kwa kanuni za Schengen, kwa hiyo shule iandike wazi kwenye barua kwamba ni ziara ya masomo. Walio chini ya miaka 18 wawe na vyeti vya kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wote wawili.

Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema, kuna maeneo yenye uga mkali wa sumaku hataruhusiwa.

---

MamaMuheza

Shule yetu haina uwezo wa nauli, tusidanganyane. Kuna njia gani?

---

Kaole_Fizikia

Ipo dada, na ni nzuri. ATLAS na kigunduzi mwenzake CMS wanatoa ziara za mtandaoni bure: mwanasayansi anakuwa kule na kamera, nyinyi mko darasani mnauliza maswali moja kwa moja. Mnaomba kwenye tovuti zao.

Pa kuangalia ni saa. Geneva iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi, saa moja wakati wa kiangazi, na wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakiandika 10:00 mwezi Januari, kwetu ni saa sita mchana. Andika saa zote mbili kwenye tangazo la shule, la sivyo nusu ya wanafunzi watakuja saa nne. Intaneti ya simu moja kama hotspot inatosha ikiwa kifaa ni kimoja tu na projekta, zima nyingine zote. Spika ya nje ni lazima, sauti ya kompyuta mpakato haifiki nyuma ya darasa. Maswali yakusanywe na kuchujwa siku moja kabla, mwanafunzi mmoja asome, wasigombanie maiki.

Halafu kuna shindano la Beamline for Schools, lipo tangu 2014. Timu ya wanafunzi watano au zaidi wenye miaka 16 kwenda juu, na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia, wanaandika pendekezo la jaribio lisilozidi maneno 1,000. Wanaoshinda wanapelekwa kulifanya kwenye mwali halisi, CERN au maabara ya DESY kule Ujerumani, kwa gharama ya waandaaji. Maabara ya shule haihitajiki kushiriki.

---

Ngamiani_Barabara12

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nimejaribu kanuni ya kidato cha sita, p = 0.3 × B × r, p ni momenta kwa GeV, B ni uga wa sumaku kwa tesla, r ni nusu kipenyo kwa mita. Mzunguko kilomita 26.66 unanipa r ya mita 4,243. Nikiweka tesla 8.33 napata GeV 10,600, siyo 7,000 iliyosanifiwa. Nimekosea wapi?

---

Mwl_Chumbageni

Hesabu yako ni sahihi, r ndiyo siyo. Pete haijajaa sumaku za kupinda. Kuna sehemu ndefu zilizonyooka za vigunduzi, za vyumba vya mawimbi ya redio, za kutupia mwali, na kuna sumaku za kulenga zisizopinda. Chukua sumaku 1,232, kila moja inapinda kwa urefu wa mita 14.3. Jumla ni mita 17,618. Gawa kwa 2π upate 2,804. Hiyo ndiyo r yako. Sasa 0.3 × 8.33 × 2,804 inakupa 7,007.

---

Ngamiani_Barabara12

Imekaa sawa mwalimu. Na kwa 6,800 ya sasa naona B inakuwa tesla 8.08.

---

FundiBaridi

Ndiyo yenyewe. Na hiyo tofauti ndogo ya kutoka 8.08 mpaka 8.33 ndiyo ngumu kuliko zote: kila ukipandisha umeme kidogo, baadhi ya koili zinasogea tena na kupoteza ubaridi, inabidi zipozwe kwa saa kadhaa ndipo zijaribiwe upya, sekta moja ya pete baada ya nyingine, zote nane.